Jino la Bingwa Sakariye

Mowlid Isili hakuwahi kumwona mtu mwenye mali asimwonee huruma. Alimhurumia kwa kubeba mzigo mkubwa hivyo peke yake.

Basi siku moja, soko la mifugo la Garissa limefurika, vumbi limepanda mpaka kwenye kope, akamsikia Mzee Abdirahim akitamba. Abdirahim alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, ndevu zake za hina, mkono wake mwepesi wa kupokea.

"Hajazaliwa wa kumwangusha Sakariye," alisema. "Niko tayari kuweka mbuzi wangu juu ya neno hilo!"

Wengine walicheka. Mowlid hakucheka. Masikio yake yalisimama kama ya punda aliyesikia maji yakimiminwa.

Sakariye alikuwa bondia aliyekulia Hagadera, akajifunza ngumi kwa kupiga gunia la mchanga. Sasa alikuwa kwenye kilele cha nguvu zake. Toka Lafey hadi Nairobi hakuna aliyemtia mgongo chini. Watu wa Garissa walimjua kuliko walivyomjua mbunge wao, na si ajabu, maana huyu walimwona.

Mowlid alimkuta kibandani akinywa chai.

"Bingwa, umewahi kuanguka?"

"Alhamdulillahi, bado."

"Hapo ndipo unapoharibu." Akavuta kiti, akatoa simu. "Tazama hapa. Mabondia wakubwa wa dunia, mkanda uko kiunoni, damu bado inachemka, wakapigwa na mtu ambaye hata jirani yake hamjui. Huyu hapa, chini. Yule pale, chini. Halafu ikawaje? Marudiano! Dunia nzima ikamiminika. Asiyeanguka huwachosha watu, ndugu yangu."

"Na jina langu?"

"Jina ni ngamia. Likipotea leo, kesho linarudi kisimani lenyewe. Na mbuzi tutagawana nusu kwa nusu."

Sakariye akazungusha kikombe. "Na mama akijua?"

"Mama yako anajua ngumi?"

"Mama ananijua mimi."

Mamake, Bi Muslimo, alikuwa mjane muuza maziwa ya ngamia, mtu wa maneno machache. Alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mpaka akumbuke swala aliyoiacha. Mowlid alikuwa akinunua maziwa kwa mwingine.

Mwishowe Sakariye alikubali. Shetani hahitaji mlango, dirisha linamtosha.

Mpinzani alipatikana bila taabu: Nuh, mwenye mkokoteni wa maji, kijana mrefu, mwembamba, mpole kiasi cha kumwomba punda wake radhi kabla ya kumfunga. Mowlid hakumwambia lolote la mpango, maana siri ya watu wawili ni siri, ya watatu ni tangazo la redio. Alimwambia tu, "Wewe fumba macho, sema Bismillahi, rusha mkono. Nitakununulia magurudumu mapya."

Ikabaki habari ya mbuzi. Kamari ni haramu, na Garissa nzima inajua. Kwa hiyo Mowlid hakuiita kamari. Aliiita ushirika wa wapenda michezo. Unaleta mbuzi, Sakariye akishinda, unarudi na mbuzi wako na mwenzake. Akishindwa, basi mbuzi wako amejitolea kwa maendeleo ya ngumi.

"Warya, wewe kijana, hii haifanani na kamari?" aliuliza Abdirahim.

"Adeer, ami yangu, kamari ina karata. Umeona karata hapa?"

Abdirahim akatazama kulia, akatazama kushoto, akainua hata pembe ya mkeka. Hakuona karata. Akaleta mbuzi. Na kwa kuwa Abdirahim ameleta, wengine nao wakaona aibu kubaki nyuma. Zizi la Mowlid likajaa mpaka mbuzi wakawa wanapumua kwa zamu.

Siku ya pambano, baada ya swala ya alasiri, ulingo ulikuwa tayari: mchanga, mikeka juu yake, na kamba za kufungia ngamia pande zote. Kabla ya kuanza, Mowlid alimtilia Sakariye shavuni kimfuko kidogo cha nailoni chenye sharbati nyekundu.

"Raundi ya pili, shusha mikono. Akikugusa, uma, sharbati imwagike, anguka. Watu wakiona nyekundu hawaulizi maswali."

Raundi ya kwanza Sakariye alimzunguka Nuh kama mtu anayechagua tikiti maji. Watu wakashangilia. Abdirahim alikuwa ameshawapa majina mbuzi atakaowapata.

Raundi ya pili, bingwa akashusha mikono, akatoa kidevu mbele, taratibu, kama anayesubiri kinyozi.

Nuh akafumba macho. "Bismillahi!"

Sasa, mkono wa Nuh ulikuwa umeinua mitungi ya maji ya mto Tana tangu ndevu hazijamwota. Hakuna aliyewahi kuupima, hata Nuh mwenyewe. Ulisikika mlio kama wa kuni kavu ikivunjwa, na Sakariye akaenda chini moja kwa moja.

Nuh alifumbua macho, akatazama huku na huku. "Yuko wapi?" akauliza.

Mowlid aliruka kamba, akapiga magoti. "Maskini bingwa wetu! Ameumia! Tazameni damu!" Kisha akamwinamia sikioni. "Wallahi umeigiza. Nilidhani umekufa kweli."

Sakariye hakujibu. Mowlid akaona hata kunyamaza anakuigiza vizuri, akaenda kutafuta lori.

Aliyebaki na Sakariye ni mamake. Alimfuta mdomo kwa ncha ya shela yake, akamchungulia ndani, akatia vidole, akatoa alichotoa. Akafunga fundo kwenye ncha hiyo. Akafunga na la pili.

Asubuhi mbuzi walikuwa wameshapakiwa, dereva ameshika usukani, safari ya Nairobi. Mara wakaja wazee wa soko, Mzee Jelle mbele, wakatandika mikeka na kuketi kwenye kivuli cha lori hilo hilo. Lori likiondoka, kivuli kinaondoka; na hakuna dereva wa Garissa atakayewaondolea wazee kivuli. Akazima injini.

Bi Muslimo akasimama. Nyuma yake Sakariye, kichwa kimefungwa kitambaa kutoka utosini hadi kidevuni.

"Mwanangu ameumia mdomo," alisema. "Naomba haki ya mdomo wake."

"Kama ni jino, jino la mtu ni ngamia watano," alisema Mzee Jelle. "Hilo halikuanza na mimi. Nani alipe?"

"Nuh ndiye aliyepiga!" alidakia Mowlid.

"Niliambiwa nifumbe macho," alisema Nuh. "Nilifumba. Ningejua yuko karibu hivyo ningemsalimia."

"Aliambiwa na nani?"

Vidole vyote sokoni vikamwelekea mtu mmoja.

Mowlid akapiga hesabu haraka. Kusema kweli kungemkosesha mbuzi. Kunyamaza kungemtoza ngamia. Kwa mara ya kwanza tangu aachishwe ziwa, kweli ilikuwa na bei nafuu.

"Wazee wangu, hakuumia!" akapaza sauti. "Ile si damu, ni sharbati! Nilimtilia mwenyewe kwenye kimfuko. Tulipatana aanguke. Ni mchezo tu, wallahi ni mchezo!"

Soko zima likasogea karibu. Hata mbuzi kwenye lori walisikiliza, na walikuwa na haki, maana kesi ilikuwa yao.

Bi Muslimo akafungua fundo la kwanza. Kimfuko cha nailoni, kimejaa, hakina hata alama ya jino.

"Hii ndiyo sharbati yako. Haijaguswa."

Akafungua la pili. Gego zima, na mizizi yake.

"Na hili nililinyonyesha mimi."

Mowlid alitazama kimfuko, akatazama gego, akatazama lori.

"Eh!" alisema Mzee Jelle. "Basi tuna kesi mbili, na mshtakiwa ametusaidia kumaliza moja."

Mbuzi wakaamriwa warudi kwa wenyewe, kwa sharti moja: kila mwenye mbuzi asimame aseme mbele ya watu alimleta kwa nini. Abdirahim alikohoa sana.

"Mimi... niliwaleta kunywa maji."

"Kunywa maji kwenye ulingo, Abdirahim?"

"Kulikuwa na joto."

Kicheko kile kingali kinasikika. Kisha Bi Muslimo akamgeukia mwanawe.

"Na wewe. Ngamia hao si wako. Aliyeuza jina lake hali ngamia wa jino lake. Ni wa mayatima wa chuo cha Kurani."

Sakariye alitaka kusema neno. Kitambaa kilimkataza, na macho ya mama yakamalizia.

Ngamia Mowlid hakuwa nao. Alikuwa na ulimi tu, na huo haufugiki. Ikaamuliwa alipe kwa jasho, na mkokoteni ulikuwepo, maana Nuh siku hizi anajifua kwa marudiano. Safari hii, inshallah, macho wazi. Kwa hiyo ukipita Garissa asubuhi utamwona mtu wa viatu vya ncha akimbembeleza punda, mitungi ya maji ya mayatima inagongana nyuma yake. Punda huyo amezoea kuombwa radhi kwanza. Mowlid anajifunza.

Kila akimaliza kushusha mitungi hupita kwa Bi Muslimo, hufuta jasho, huuliza kwa adabu:

"Hooyo, mama yangu, ngamia wangapi tumeshalipa?"

Bi Muslimo huendelea kumimina maziwa yake.

"Wa kwanza," humjibu. "Kutoka nyayoni tumefika magotini."