Baiskeli Yenye Kilomita Tatu

Mwaka ule magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kuonekana kila kona ya Dodoma, Anyitike alisimama Majengo akimtazama ofisa mmoja wa serikali akikagua gari. Ofisa hakupiga tairi teke wala kufungua boneti. Alichungulia ndani tu, akauliza, "Imetembea kilomita ngapi?" Alipojibiwa akatabasamu, akalipa. Anyitike alisisimka mwili mzima. Kumbe watu hawanunui chombo, wananunua namba!

Siku hiyohiyo alibeba cherehani ya mkewe Violeth, aliyekuwa Buigiri akimwuguza mama yake, akaiweka rehani kwa dereva mmoja wa wapima ardhi na kukodishiwa jipiesi. Ni kidude cha kushika mkononi, kinawasiliana na setilaiti na kuonyesha umbali uliokwenda. Violeth angerudi Jumamosi. Asipoikuta cherehani yake, Anyitike angelala nje, na mimi nisingemlaumu mwanamke wa watu.

Akanunua baiskeli tatu chakavu Kizota, akazipaka rangi, akaifunga jipiesi kwenye usukani kwa kipande cha mpira, akabonyeza kitufe cha kufuta, kisha akaendesha kidogo hadi Majengo.

"Karibuni! Baiskeli ya Ulaya yenye mita! Imetembea kilomita tatu tu tangu izaliwe!"

"Mbona mnyororo una kutu?" aliuliza Mzee Batholomeo, muuza karanga.

"Shikamoo, mzee. Hiyo ni hewa ya bahari, imekuja na meli. Wewe amini mita. Mita haina undugu na mtu."

"Marahaba. Na mita naondoka nayo?"

"Mita inabaki, mzee. Mali ya kampuni."

Kampuni yenyewe ilikuwa imevaa kandambili. Mzee akanunua, na mwingine akafuata. Kufikia Alhamisi faida yote Anyitike alikuwa ameshaila kwa nyama choma, lakini hakujali: baiskeli ya tatu ndiyo ingeikomboa cherehani.

Ndipo akaja Evodia, muuza zabibu. Evodia aliwahi kuwaona wapima ardhi wakizunguka shambani kwake na kidude kama kile, kwa miguu, bila baiskeli yoyote.

"Kaka, niachie niijaribu hadi kesho jioni. Redio yangu hii hapa, ishike."

Redio ilikuwa kubwa, ya kaseti mbili. Anyitike aliona hapo hakosi kitu. Akaitoa baiskeli na mita yake juu, ili imtie mteja wazimu zaidi.

Evodia hakuiendesha hata hatua moja. Aliiegemeza nyuma ya mlango, akaifungua jipiesi kwenye usukani na kumpa kaka yake Marko, dereva wa basi la Morogoro, aiweke ndani, kwenye kioo cha mbele, aende nayo na kurudi nayo.

Ijumaa jioni aliileta baiskeli Majengo, jipiesi ikiwa imefungwa mahali pake, watu wakiwa wamejaa.

"Kaka, baiskeli yako imechoka. Hebu soma."

Anyitike akasoma. Kilomita mia tano ishirini na moja. Chini yake, mwendo wa juu kabisa: mia moja na nne kwa saa.

"Dada, wewe umeipandisha mita kwenye gari!"

"Ahaa. Kwa hiyo inahesabu hata gurudumu lisipozunguka? Basi zile kilomita zako tatu zilitoka wapi?"

Mzee Batholomeo akasogea. "Rudia hilo swali, binti. Sikio langu zito."

Anyitike aliutazama mkongojo wa mzee, akaona ni mnene. Akakohoa.

"Mita haidanganyi, jamani. Labda... dada ana miguu ya nguvu."

"Ninayo," Evodia alikubali. "Kwa hiyo baiskeli imeshatumika sana. Bei ya iliyotumika sana ni ngapi?"

Akaitaja mwenyewe, na haikufikia hata gharama ya rangi. Watu wakaitikia kwa vichwa: kilomita mia tano, hiyo ni bibi kizee! Anyitike akapokea, akairudisha redio kwa mikono miwili. Alikuwa na hofu ya kweli sasa. Kesho ilikuwa Jumamosi.

Evodia akapanda, akasita, akashuka. Akaufungua ule mpira taratibu na kumkabidhi jipiesi.

"Chukua mita yako, kaka. Sitaki inizeeshee baiskeli."