Ngoro ya Kinyume

Jumatatu, 10 Machi 2025

Goodluck amekuja asubuhi. Ndiye mhariri wa jarida letu la wasomaji hapa Mbinga, kijana wa Moshi aliyeletwa huku kikazi. Alinipa shikamoo ndefu, nikajua ana habari mbaya. Karatasi zimepungua. Kuanzia Aprili jarida litabaki na safu moja tu: ama "Siku Zangu", yaani insha zangu kuhusu maisha yangu ya kila siku, ama "Tuijue Kahawa" ya Wendelin, bwana shamba mstaafu. Itakayopata majibu mengi ya wasomaji katika kundi la WhatsApp kufikia Jumapili ndiyo itakayobaki.

Kunilinganisha mimi na Wendelin! Mimi, Sixtus, mtunzi wa riwaya ya Ukarani wa Moyo, niliyefundisha sarufi mpaka nikastaafu. Yeye anaandika kuhusu kutu ya majani.

Nakiri kwamba majibu ya wasomaji wangu hayajaridhisha. Insha ya kwanza ilihusu chai yangu ya asubuhi. Wakauliza kikombe kile kinapatikana duka gani. Ya pili ilihusu baiskeli yangu. Wakauliza kama naiuza. Hakuna aliyegusia mtindo.

Lakini ya tatu, "Mimi na Ngoro Zangu", kuhusu mashimo yetu ya kilimo cha mteremkoni, imetoka jana. Nina matumaini. Nanukuu: "Nilichimba shimo kwa jembe langu, jasho likinitiririka, kisha nikalaza nyasi juu yake kwa upole, kama mama amlazavyo mwanawe." Sentensi safi. Haina kosa.

Mke wangu Kunigunda, Mama Ida, ameuliza ni lini nitalaza nyasi katika shamba la juu. Zimekwisha kukauka, na maharage yake hayana pa kupandwa. Nimemjibu kwamba nipo kazini. Nilikuwa nimekaa kitini, lakini nilikuwa kazini.

Jumanne, 11 Machi

Simu inalia kama bisi kwenye sufuria. Majibu!

La kwanza ni la Ephrasia anayeuza ndizi sokoni. Ameuliza kwa ujumbe wa sauti, kuku wakisikika nyuma yake, tangu lini ngoro ikachimbwa kabla nyasi hazijalazwa. Anasema mwanamume hulaza nyasi kwanza, miraba miraba, kisha mwanamke huchimba katikati ya mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo, na maharage hupandwa juu ya tuta hilo. Hata mtoto wa darasa la pili anajua. Shimo lililofunikwa nyasi, amesema, si ngoro. Ni mtego wa nguruwe.

Basi wamelishika hilo. Mmoja ameuliza nimenasa wangapi. Mwingine ameomba awekewe paja. Lukresia, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, ametaka kujua kama jasho lililotiririka lilikuwa langu au la Mama Ida.

Mama Ida alisikia yote, kwa kuwa sijui kupunguza sauti ya simu. Alisema kwa utulivu kwamba tangu tufunge ndoa hajawahi kuniona na jembe kwenye ule mteremko. Kwamba nimejipa kazi yake, na yangu sijaifanya. Halafu akauliza tena habari za nyasi.

Hata hivyo, majibu ni majibu. Goodluck anayahesabu yote. Kwao hawachimbi ngoro, kwa hiyo hajui sifa inaishia wapi na kejeli inaanzia wapi. Ameniandikia kwamba nimewagusa wasomaji. Wendelin ametumiwa picha ya jani moja.

Jumatano, 12 Machi

Wendelin ameingia kundini kwa hila. Amechora ngoro kwa rula, ameonya kwamba shimo langu ni hatari kwa mifugo, kisha akadai kuwa kwa vile jambo lenyewe ni la kilimo, majibu yote yahesabiwe upande wake. Wizi wa mchana. Goodluck amesema atalifikiria. Kijana huyo akianza kufikiri nimekwisha.

Nimepata mbinu. Nimeandika kundini kwamba sikukosea. Hiyo ni "ngoro ya kinyume", njia mpya niliyoibuni mwenyewe baada ya uchunguzi wa miaka. Nyasi zikiwa juu, shimo halipigwi jua. Nilijisomea mara mbili nikaamini.

Lukresia amejibu papo hapo kwamba wanataka kuiona. Nimesema mteremko unateleza. Akasema wao wamezaliwa kwenye mteremko. Nimesema mgongo unaniuma. Akasema hawaji kuuona mgongo.

Nilikwenda kuoga. Niliporudi, nikakuta sauti ya Mama Ida kundini, kutoka kwenye simu yangu. Amewakaribisha wasomaji wote nyumbani Jumamosi. Waje na majembe yao, maana Mwalimu ana jembe moja tu nalo halitatosheleza somo.

Nimemuuliza kwa nini ameshika simu yangu. Amesema aliwasalimia tu wageni wangu.

Alhamisi, 13 Machi

Lazima ngoro ya kinyume iwepo kabla ya Jumamosi. Nimepanda hadi shamba la juu na jembe. Jembe ni zito kuliko nilivyoliandika. Nimechimba shimo moja, la kufika magotini, kisha nikalilazia nyasi. Kwa upole, kama ilivyo katika insha. Kwa mbali halionekani kabisa. Hiyo ni dalili ya kazi nzuri.

Mama Ida alitazama kutoka mlangoni, akarudi ndani kuchambua maharage ya mbegu. Alichambua mengi mno. Nimemwambia hayo ni ya shamba zima. Akasema ndiyo.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nimesikia mtu akiita kwa sauti ndogo huko juu. Nimempata Wendelin ndani ya ngoro yangu, na futi ya kupimia mkononi. Buti lake moja lilikuwa limenasa kwenye tope.

Alisema alikuwa anapita. Nikamuuliza anapita kwenda wapi, maana juu ya shamba lile kuna mawingu tu. Akaomba nimvute. Nilimtaka kwanza akubali kwamba njia yangu inashika udongo vizuri. Akarudia kwamba ni hatari kwa mifugo. Nikasema naona.

Tulivuta pamoja. Yeye alitoka, buti likabaki.

Jioni kwenye Njia ya Msalaba alichechemea kituo hata kituo, na watu wakamwonea huruma. Tulipotoka kanisani kundi zima lilikuwa na habari kwamba mtego wa Mwalimu umenasa wa kwanza. Majibu hayahesabiki. Goodluck ameuliza kama nguruwe ni fumbo la kifasihi. Nimemwambia ni fumbo.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja kwa wingi, majembe mabegani. Lukresia mbele, Ephrasia, wanaume wenye mikono mipana nisiowajua, na Wendelin kwa ajili ya buti. Kuna mmoja aliyepanda basi kutoka Lundo, ziwani. Anaitwa Cleopa, mvuvi wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Nilimuuliza aliwezaje kuacha kazi. Akaeleza kwamba mwezi ni mpevu. Usipa huvutwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikiwaka hawaijali taa, kwa hiyo siku hizi wavuvi hawaendi. Wanalala, au wanasoma insha zangu na kucheka. Nilifurahi kusikia kwamba nasomwa ziwani.

Niliwaonyesha shimo. Walilizunguka kama waombolezaji. Kisha Lukresia akasema, haya Mwalimu, sasa tukuonyeshe sisi. Akaniambia nilaze mraba mmoja. Nikalaza. Akaupangua akaupanga upya. Wanaume wakashika nyasi zilizobaki, miraba ikashuka mlima mzima kama kitabu cha hesabu, na akina mama wakaifuata na majembe huku wakiimba. Katika wimbo waliniweka mimi, nguruwe, na Wendelin, kwa mpangilio huo.

Kufikia alasiri shamba lote la juu lilikuwa ngoro. Mama Ida alipita juu ya matuta akipanda maharage, bila haraka, akiuliza habari za kila msomaji wangu kana kwamba ni wake. Alikuwa amepika ugali na mboga za kutosha, na togwa badala ya pombe, kwa kuwa ni Kwaresima. Alikuwa ameikoroga tangu Jumatano.

Cleopa alipoaga alisema ziwa nalo lina mambo ya kuandikwa. Ila nije nione kwanza.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda. Goodluck alitangaza nje ya kanisa baada ya misa. "Siku Zangu" inabaki. Wendelin amepewa kona ya chini, chini ya ratiba ya misa.

Kuna sharti dogo. Wasomaji wameomba kwamba insha isichapwe kabla Mama Ida hajaisoma. Walipiga makofi mengi kwa sharti hilo kuliko kwa ushindi wangu, nadhani kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Mama Ida alikubali. Aliniambia njiani kwamba mwezi ujao maharage yatahitaji palizi.

Jumatatu, 17 Machi

Wiki hii imenithibitishia jambo moja: msomaji hutaka ukweli wa maisha ya mwandishi, uliosemwa kwa lugha safi. Nimeanza insha ya nne, "Mimi na Usipa Wangu". Sijawahi kuvua, lakini kazi yenyewe haina ugumu. Mtu anavuta.

Nanukuu: "Mbalamwezi ilikuwa pevu, angavu kama mchana. Niliwasha taa yangu, na usipa wakaikimbilia kwa maelfu." Picha nzuri mno.

Sikumwonyesha Mama Ida. Sharti linahusu kuchapa, na kutuma kundini si kuchapa. Goodluck ameisoma akasema imemsisimua, ingawa Moshi hakuna ziwa la usipa.

Simu imeanza kulia. Wa kwanza ni Cleopa. Anasema wavuvi wote wa Lundo wameisoma, hawajalala kwa kucheka, na mwezi ukishafifia wananisubiri ufukweni niwaonyeshe. Bila shaka wamependezwa na njia yangu.

Mama Ida amesikia. Ameuliza basi la Lundo hupita saa ngapi, na sasa yupo stoo anatafuta gunia kubwa. Sijui la nini.