Kofia ya Mabakamabaka na Barua ya Sifa

Jumatatu, 12 Januari

Ijumaa ofisi ya utalii inakagua vitambulisho vyetu vya kuongoza wageni. Sharti jipya: kila mmoja alete barua ya sifa kutoka kwa mtalii. Moja tu! Mimi mwaka mzima sina hata nusu. Yule Mjerumani niliyemsahau kwenye maporomoko aliandika, ila si ya sifa. Jirani yangu wa bandarini, Verlyn, muuza kofia za ukili, anazo saba. Amezitundika juu ya meza kama vyeti vya ubatizo. Leo kaniuliza kama nataka kuazima moja. Kiburi gani hiki!

Lakini nimepata akili. Hapa Grenada nguo za mabakamabaka ni za askari tu, hata mtoto mchanga haruhusiwi. Wageni hawajui. Hushuka melini wamezivaa, wakaishia mikononi mwa polisi. Nitamwahi mmoja, nimwonye, nimvishe suruali ya kanisani ya marehemu mjomba. Atalia kwa shukrani. Ataandika.

Jumatano, 14 Januari

Meli imeteremsha watu elfu mbili. Wote wamevaa maua! Baka hata moja hakuna. Mwishowe nikaona mzee mwenye shati la kijani. Nikamkimbilia na suruali mkononi, nikimpigia kelele avue upesi. Akakumbatia pochi yake, akaita polisi. Kumbe shati lilichorwa majani ya migomba. Verlyn akamtuliza: "Usiogope, baba. Huyo ni Alban wetu. Hana madhara, ana mawazo tu."

Mzee kamwandikia barua. Ya nane! Huko kwao wageni huonywa wajihadhari na vibaka. Nani atawaonya kuhusu Verlyn?

Alhamisi, 15 Januari

Pasipo mgonjwa, mganga atakula nini? Nimefukua pipa la Krismasi alilotutumia binamu kutoka Brooklyn. Miaka kumi huko, kasahau sheria za kwao: chini kabisa, kofia sita za mabakamabaka. Shangazi Ismay, mwenye nyumba ninamokaa, ameapa kuzichoma. Nimemwahi.

Mpango: namzawadia mgeni kofia langoni, nazunguka sokoni mbio, natokea mbele yake, namwokoa. Safi kabisa. Kesho asubuhi meli, mchana ukaguzi.

Ijumaa, 16 Januari

Bibi mmoja wa Kanada, Bi Maureen, aliipenda mno kofia. Nikazunguka mbio. Sokoni nikagongana na Shangazi, akataka kujua nakimbilia wapi na mfuko umetunishwa na nini. Nilipojinasua nimechelewa. Koplo Hercules wa polisi ameshika kofia, na Verlyn keshamvika bibi ya ukili. Bure!

Koplo akauliza imetoka wapi. Bibi akaninyooshea kidole kwa upendo: yule kijana mkarimu. Mfuko ukafunguliwa. Tano zaidi.

"Alban, unaunda jeshi, na hata viatu vya maana huna?" kauliza Koplo.

Bandari nzima ilicheka. Niliumia, sitaki kudanganya.

Kituoni bibi akanionea huruma. Akaomba karatasi, akaandika kurasa mbili! Kwamba Alban Noel, kwa moyo wake mwema, alimpa kofia ile kwa mkono wake mwenyewe. Barua ya sifa! Nikanyoosha mkono. Koplo akaitia kwenye faili. Ni ushahidi, kasema. Nikamwomba nakala niwahi nayo ukaguzi. Akanipa, tena akaigonga muhuri wa polisi.

Jumapili, 18 Januari

Ofisi ya utalii waliisoma. Wakaisoma tena kwa sauti. Kitambulisho wamekichukua kwa miezi sita, na Jumanne nipo mahakamani. Verlyn kaniletea sahani ya shelisheli, na hakunicheka. Hilo limeniuma zaidi. Shangazi haongei nami, anaongea na masufuria.

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: mfuko. Ningeuacha nyumbani, leo ningekuwa bado kiongozi wa wageni.

Basi. Kuna fomu ya kuingia nchini, inadai anwani ya malazi. Wageni wengi hawana, wanasumbuliwa uwanja wa ndege. Maskini! Jana nimewatangazia anwani yetu mtandaoni, waijaze bila wasiwasi. Tayari wameijaza watu kumi na wanne, na wanane wanatua leo wakiulizia vyumba.

Shangazi bado yuko kanisani. Nimeanza kuhamisha kitanda chake.