Muuzaji Mzoefu wa Makaushio

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Sijalala vizuri. Mjomba Fanueli amepiga simu toka Mbalizi. Maonyesho ya Nanenane yakiisha atapita hapa Ilula, na Jumapili anataka kuwaona wauzaji wangu kwa macho yake. Asipowaona, karakana yake anampa binamu yangu Anord. Karakana! Bila hiyo sina kampuni. Imejaa makaushio ya nyanya ya kutumia jua, kazi ya mikono yangu, na sijauza hata moja. Mimi ni mbunifu, kuuza sijui. Nimeandika tangazo: anatakiwa muuzaji mwenye shahada, uzoefu wa miaka kumi wa kuuza makaushio haya. Mke wangu Devotha kaniuliza kaushio la kwanza nilitengeneza lini. Februari mwaka huu. Devotha hajui mambo ya kampuni.

Jumatano, 6 Agosti
Tangazo liko stendi, liko saluni, liko mpaka buchani. Kimya. Anord naye anatengeneza makaushio, nyuma ya jiko la mama yake, milango imepinda yote. Kaweka kibao: anahitajika mtu anayependa kuongea. Nimecheka sana. Jioni nikapita tena kuangalia kama kuna foleni. Ipo.

Alhamisi, 7 Agosti
Kaja mtu! Tumpe, yule binti anayenadi sadaka pale usharikani baada ya ibada. Nikamuuliza uzoefu. Akasema anauza chochote kinacholetwa madhabahuni, maboga, mayai, kuku. Nikamweleza kwamba kuku si kaushio. Nikaomba cheti. Anacho cha kipaimara. Nimemrudisha. Kaniaga vizuri kabisa, eti Mungu anibariki. Imeniuma kidogo, ila lazima nishike viwango.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimempata! Adrian, shahada anayo, uzoefu miaka kumi na tano. Ana umri wa miaka ishirini na minne. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona huyu ana kipaji cha utotoni. Nimemtuma kuuza kwa wakulima njia ya Kilolo. Amerudi jioni na kaushio lile lile. Na ndoo ya nyanya, wamemuuzia.

Jumapili, 10 Agosti
Mjomba kafika amevaa suti. Adrian simu haipatikani. Jasho mpaka kwenye soksi. Nikapata akili: nikatoa kaushio moja kama sadaka. Likinadiwa, Mjomba ataona watu wanavyoligombea! Lilipokwisha kufika mbele ndipo nikajiuliza, je, wasipoligombea? Mahubiri yote sikusikia neno.

Baada ya ibada Tumpe akalipandisha juu ya benchi. Hakutaja jua, hakutaja ubunifu wangu. Alimgeukia tu mama Apolonia, mkulima wa nyanya, mbele ya usharika mzima.

"Mama, sasa hivi nyanya unawapa ng'ombe. Masika utakuja kuniomba mimi."

Watu wakaangua kicheko, mikono ikapanda juu. Limeenda! Wengine wakaanza kuuliza yako wapi mengine. Nilitaka kulia kwa furaha. Mjomba akanipiga bega, akauliza kama huyu ndiye muuzaji wangu. Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Tumpe akaniwahi.

"Shikamoo baba. Hapana, mimi niko kwa Anord tangu juzi. Kaka hapa alisema sina uzoefu."

Kisha akawaongoza wateja wote, mama Apolonia akiwa mbele, mpaka kwenye milango iliyopinda. Mjomba hakugomba. Alinyoosha mkono tu, nikampa ufunguo wa karakana.

Jumatatu, 11 Agosti
Makaushio yamehamia sebuleni. Devotha anapita ubavu kwenda jikoni. Lakini nimekaa, nimetafakari, kosa nimeliona. Lile tangazo halikukaa sawa. Nimeandika jingine: anatakiwa muuzaji kama Tumpe, uzoefu wa kunadi sadaka usiopungua miaka ishirini na mitano.

Devotha kalisoma akiwa amesimama katikati ya makaushio. Akasema Tumpe mwenyewe ana umri wa miaka ishirini na miwili.

Sasa si ndiyo maana nilimkataa?