Sufuria Mbili za Mkopo

Alhamisi, 28 Agosti

Nimepata! Mkopo umetoka leo, shilingi elfu arobaini, kwa jina langu mimi Barnabas Tsofa, mwanamume wa pekee katika Kikundi cha Tushikane. Wanawake wote wamenipigia makofi. Mmoja tu alipiga kwa vidole viwili, naye ni mke wangu.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Zamu ilikuwa ya Dama. Mwaka mzima ameweka akiba yake ya viazi karai, akingoja mkopo anunue friza auze juisi ya ukwaju na barafu. Lakini watu wa nyumba moja hawakopi pamoja, ndiyo sheria ya kikundi. Nikamwomba anipishe. Nilimwomba asubuhi, nikamwomba jioni, nikamwomba akiwa anakaanga, mpaka akasema haya, chukua, nipate kupumua. Hiyo kwangu ni ridhaa.

Masharti ni mepesi. Elfu mbili kila Alhamisi. Nikikosa, wanaonidhamini wanalipa wao, kisha kikundi kinakuja nyumbani kuchukua kitu, na jina la Dama linashushwa mpaka mwisho wa foleni. Mwenyekiti wetu Priscah, muuza achari wa Ndia Kuu, amenisomea hayo mara mbili huku akinitazama. Kwa nini mimi mara mbili? Wengine huwasomea mara moja.

Hayo ni ya watu wasio na mpango. Mimi nina mpango.

Jumamosi, 30 Agosti

Zimefika! Sufuria mbili kubwa, kila moja yapika kilo hamsini za mchele, na vifuniko vyake na miko mirefu kama makasia. Zimejaa chumba. Kwenda kitandani sasa lazima upite kwa ubavu.

Hesabu yangu ni hii. Mwezi wa maulidi umeingia. Mji wa Kale mzima utapika pilau. Sufuria za msikiti zina foleni, kila mwaka watu wananuniana. Basi atokee mtu mwenye sufuria za kukodisha, atoze kila shughuli, atajirike kabla ya Krismasi. Mimi ni mtu wa kanisani, lakini pilau sijawahi kuibagua.

Jirani yangu Chirau amekuja kuzitazama. Huyu ndiye Chirau wa viti, anayekodisha viti vya plastiki na kujiona waziri. Akagonga sufuria kwa kidole, akaniambia nisije nikakodisha hapa mtaani, viti vyake vyote yeye hupeleka Kizingo kwa matajiri, kwa watu wasiomjua jina. Wivu! Umemtoka mpaka kwenye nyusi. Nikamshukuru kwa adabu na kumwonyesha mlango, naye akapita kwa ubavu.

Jumatano, 3 Septemba

Mteja wa kwanza. Bi Khole wa ghorofa ya juu yetu.

Nilikuwa nimejitayarisha, nimeandika na bei kwenye kipande cha boksi. Akaingia amejitanda kanga hadi kwenye macho. Kaka yake amefariki Lamu, hitima ni kesho. Akaniuliza hali, akamuuliza Dama hali, akauliza na hali za watoto wote waliooa na wasiooa, kisha akalia. Sasa wewe mwenye akili niambie, unamtajia mfiwa bei saa ngapi? Kabla ya machozi au baada yake?

Nikasikia mdomo wangu ukisema achukue zote mbili, na miko pia. Akaniombea dua ndefu. Boksi la bei nimelikalia.

Alhamisi, 4 Septemba

Rejesho la kwanza nimelipa vizuri, kwa pesa zilizobaki za mkopo wenyewe. Nekesa, afisa wa mikopo, msichana mpole wa kutoka bara asiyevua viatu vyake vya kazi hata kwa joto hili, aliniuliza biashara inaendeleaje. Nikamwambia inazunguka. Si uwongo, sufuria hazijalala nyumbani.

Jioni Bi Khole akanirudishia zimeng'aa, moja ina sahani ya pilau ndani. Pilau ya Bi Khole! Nyama inaachana na mfupa yenyewe. Dama akala, akaniuliza pilau hii ni elfu mbili? Nikamwambia huyo alikuwa mfiwa, hahesabiwi.

Jumatatu, 8 Septemba

Wiki ya shughuli nyingi mno. Maulidi ya madrasa nyuma yetu: mwalimu alinifundishia mwanangu Winnie hesabu bila malipo, namtoza vipi? Harusi ya binamu yake Dama: huyo ni shemeji yangu, na mahari yangu mwenyewe sijamaliza. Kwaya ya kanisa: mchungaji alisema nitabarikiwa, na sikutaka kuuliza lini. Maulidi ya pili, ya kina mama wa Biashara Street: hao niliwatajia bei! Nilitaja kwa sauti kabisa. Wakacheka, wakadhani natania, wakanipiga begani na kuondoka na sufuria.

Mtaa mzima wanisalimia. Vinyozi wananiamkia. Nimekula pilau siku nne mfululizo, na ukoko nimeletewa kwenye kikapu. Nekesa alitwambia siku ya kujiunga kuwa mikopo midogo hupunguza umaskini. Nathibitisha! Uchochoro wetu hakuna aliyelala njaa wiki hii. Umaskini umepungua nyumba hadi nyumba, umebaki kwangu tu, na kwangu nao umeshiba.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimelipa. Nimeuza feni.

Dama nimemwambia iko kwa fundi. Akakaa kitandani akajipepea kwa kipepeo cha jiko, pole pole, bila kunitolea macho. Afadhali angenitolea macho.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefikiri. Chirau anakodisha Kizingo. Je, Kizingo ni ya Chirau? Nikaazima mkokoteni, nikapanga sufuria juu yake, nikavaa shati la Jumapili, nikaenda.

Kule kumetulia mno. Miti na kuta, magari yanapita na vioo vimefungwa, hakuna mtu barazani wa kumsalimia. Nilibisha lango la kwanza, askari akachungulia kwenye kitundu. Nikaanza maelezo yangu. Hakungoja nimalize, akasema ngoja hapo hapo. Nikaiweka kola sawa. Akarudi na jiko la gesi bovu na pasi mbili zilizoungua, akazitupa juu ya sufuria zangu na kuniuliza kilo nanunua vipi.

Alidhani mimi ni mnunuzi wa vyuma vikuukuu! Mimi, karani mstaafu wa bandari! Lango la pili wakanipa birika na mlango wa friji. La tatu sikubisha, walinifuata wenyewe na baiskeli ya mtoto.

Nimerudi na mkokoteni umejaa, sikupata hata mteja mmoja. Chirau alikuwa barazani kwake anakunywa kahawa chungu. Akasogeza mguu nipite. Kuna watu hutukana kwa mguu.

Vyuma nimeviuza. Vimetosha kulipia mkokoteni.

Alhamisi, 18 Septemba

Sikuwa nazo.

Nilifika mkutanoni mapema nikakaa karibu na mlango. Jina langu likaitwa. Nikasimama na kueleza kuhusu mwezi wa maulidi, wafiwa, mchungaji na madrasa. Nilieleza vizuri, hata Nekesa aliandika. Nilipomaliza Priscah aliwatazama wale wenzake walionidhamini pamoja naye, kila mmoja akafungua pindo la kanga yake akatoa sehemu yake. Hakuna aliyeguna. Mmoja ni muuza mchicha, nilimwona akihesabu alichobakiza.

Kisha wakasimama wote, kama desturi ilivyo. Wakaja kwangu wakiimba, wimbo ule ule wanaoimba wakimpelekea mtu mkopo. Wamechukua sufuria. Priscah moja kichwani, mwenzake nyingine, Ndia Kuu nzima imetoka kwenye maduka kutazama, nami nyuma yao nimebeba miko. Watu walidhani kuna harusi. Mmoja akaniuliza zitakuwa na nafasi lini.

Dama hakuimba. Alitembea kando, mikono mitupu. Jina lake lashushwa Alhamisi ijayo.

Ijumaa, 19 Septemba

Chumba kina nafasi sasa, mtu anaweza kutembea, na sipendi. Dama alikuwa akimenya viazi. Nikakaa chini karibu naye nikamsaidia kumenya, kitu ambacho sijakifanya tangu tuoane. Nikamwambia nimeona haya, tena sana. Akasema anajua, ameona ninavyomenya.

Kisha akaniambia, "Baba Winnie, kuna mtu mtaani anayejua kukodisha. Ulimuuliza?"

Nikamjibu Chirau ana wivu. Dama akaosha mikono, akajitanda, akavuka njia kwenda kwa Chirau. Amekaa huko muda mrefu. Nilisikia wakicheka. Kwa Chirau kuna nini cha kuchekesha?

Alhamisi, 25 Septemba

Mkutano mzito. Priscah alikuwa ameshafungua kitabu kulishusha jina la Dama. Dama akaomba kusema. Mke wangu huwa hasemi mikutanoni, hukaa nyuma akisuka ukili. Leo alisimama.

Alisema kwamba sufuria hakuna atakayezilipia hapa, maana hapa sote ni watu wa nyumba moja, na haitakuwa vyema tuanze kutozana kwenye misiba. Lakini mpishi hulipwa popote. Kizingo kuna shule ina sherehe Jumamosi hii, Chirau anapeleka viti, na wamemuuliza kama anamjua mtu wa kupika pilau ya watu mia tatu. Amewajibu anamjua.

"Kikundi kizinunue sufuria kwa akiba yetu," akasema, "deni la mume wangu life leo. Tupike sisi. Shule italipa, mfiwa hatalipa."

Nekesa akapiga hesabu kwenye simu, akapiga tena. Priscah akauliza mchele nani ataupima. Dama akasema yeye. Muuza mchicha ndiye aliyeinua mkono wa kwanza, kisha yote ikapanda. Nami niliinua, miwili.

Deni limekufa! Jina la Dama limebaki pale pale juu. Sina sufuria, sina feni, na nina furaha mpaka nasikia joto. Wazo la sufuria lilikuwa la nani lakini? Naandika tu, kwa kumbukumbu.

Jumamosi, 27 Septemba

Mia tatu na ushee wamekula. Tulipopita njiani, askari wa lango la kwanza la siku ile alinitambua, nikamwambia leo sinunui vyuma. Cheo changu ni msimamizi wa vyombo. Nimesugua mpaka kucha zimelainika. Shule imelipa papo hapo, imeomba tarehe nyingine, na mwalimu mkuu alimwita Dama "Madam". Dama alirudi kwenye gari la Chirau amekaa juu ya viti, miguu yaning'inia, anaimba peke yake. Sijamsikia akiimba tangu Winnie aolewe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Friza imefika! Nyeupe, kubwa, yanguruma taratibu. Kikundi kizima kimekuja nayo kikiimba, na safari hii Dama ndiye aliyeimbisha. Aliifungua na kuifunga mara sijui ngapi. Aliingiza mkono ndani akaniwekea kiganja shavuni, baridi, akacheka. Amepika ukwaju sufuria nzima, kesho ataujaza kwenye chupa ugande.

Nekesa amenivuta kando akasema vikundi vyote anavyovitembelea huvipa kisa changu. Huvipa wakati gani, nikauliza. Akasema mwanzoni kabisa, kabla hajampa mtu pesa. Hapo nilijua. Mwanzoni huwekwa mfano wa kuigwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimegundua kitu wanawake hawa hawakukiona. Friza ina nafasi! Dama ataijaza chupa zake, sawa, lakini pembeni pale, na chini kule, ni hewa tupu inayopozwa bure kwa umeme wetu. Hewa hiyo ikodishwe. Kila jirani aweke samaki wake, atoe kitu kidogo kwa siku. Mtaji hauhitajiki. Sijaomba mkopo wala zamu ya mtu.

Dama alipokwenda sokoni nikaanza. Nimetembea uchochoro mzima, nimetangaza, na wameitikia kwa wingi kuliko sufuria! Mpaka adhuhuri ilishajaa. Chupa za Dama nimezitoa kwa muda, ziko chini ya kitanda kwenye kivuli.

Malipo yanaanza kesho, bila huruma. Nimejifunza. Bi Khole tu simtozi, huzuni ya kaka yake haijamwisha. Wala mwalimu wa madrasa, kwa ajili ya hesabu za Winnie. Shemeji ni shemeji. Mchungaji ana nyama ya sikukuu ya mavuno, hiyo ni ya Mungu. Priscah ameweka pweza wawili, na Priscah alinidhamini. Muuza mchicha naye vile vile. Chirau ameleta maziwa, nami kwa Chirau nina deni la adabu.

Wengine wote watalipa.

Namsikia Dama anapanda ngazi. Nasikia na chupa zikigongana, amebeba zaidi.