Vita vya Pipa la Naliaka

Jongeeni, enyi wakazi wa Kitengela na viunga vyake, nyinyi mliozoea habari ndogondogo za bei ya sukari. Zimeni redio, nyamazisheni watoto, kwa maana leo yanasimuliwa matendo ya Wanyama mwana wa Bungoma, karani wa mchana na simba wa jioni, aliyepigana na mbu juu ya pipa la maji katika mwaka wa elfu mbili na saba, asikimbie. Yaani, alikimbia kidogo tu.

Mvua ilikuwa imenyesha hata mbuga za Kajiado zikasahau kiu, naye Naliaka mkewe, malkia wa ploti, akakinga pipa zima. Katika nchi ambamo maji hununuliwa kwa mtungi, hiyo ilikuwa hazina. Ila pipa halikuwa na kifuniko, na mbu wakataga humo na kutawala.

Wanyama hakutishika. "Sisi tumekulia malaria," alimhutubia mkewe. "Niko na vidonge. Wacha waje."

Ndipo Nailantei, jirani yao, nesi wa dispensari, akasimama uani. "Baba Immaculate, sahau malaria. Hii homa ya Bonde la Ufa imeingia kwa ng'ombe, na mbu wanaibeba. Virusi vyake vikifika kwa ubongo mtu anachanganyikiwa, hata anakufa, na hivyo vidonge havitasaidia. Mwaga hayo maji ama ufunike."

Wanyama akautazama mguu wa bintiye mdogo, Immaculate, umejaa vipele vya kuumwa. Hofu ikamshika, wala haikuwa ya kishujaa.

"Maji yangu hayamwagwi," Naliaka akatangaza, akaenda zake mazoezi ya kwaya.

Shujaa akaingia vitani. Akatandaza juu ya pipa vitambaa vya makochi vilivyofumwa. Mbu wakapita matunduni kama wageni walioalikwa. Akaweka sinia, pipa likalimeza, naye akalifuata kwa mkono hadi kwapani. Hata mimi ningekuwa mbu ningecheka, alikiri moyoni. Mwishowe akafungua sanduku la mkewe, akatoa shela ya harusi, nyeupe, nyuzi zimebanana, akalifunika pipa huku akisali kuliko siku ya kiapo cha ndoa. Mbu waliokuwa ndani wakafungwa maisha.

Naliaka akarudi, akaona, akalisogelea pipa.

"Mama Immaculate," Wanyama akaanza, "kabla hujaniua, tafakari kwamba mtoto..."

"Umelegeza," akasema Naliaka. "Leta kamba."

Akaivuta shela ikakazika, akapiga fundo, akalipapasa kwa kidole. Machozi yakamlengalenga. "Niliipenda sana hii. Ikiraruka, utanioa upya, na ng'ombe wazima."

Papo hapo mbu mmoja akatua, akazunguka ukingo wote, akatafuta mlango, akaukosa. Wanyama akambeba Immaculate ashuhudie.

Basi na iandikwe katika tarehe za mataifa, na wafalme waambiwe: siku ile, mbele ya mke na mtoto, mbu mmoja aliondoka Kitengela akiwa bado na mimba yake.