Maji Yangu na Miguu ya Tatu

Jumamosi, 2 Rajabu 1323, Ruaruke

Balaa! Askari wa Mdachi wanakuja upande wetu. Jumanne kijiji kizima kinahamia visiwani, kwenye mikoko. Mjukuu wangu Tatu hawezi hata kukanyaga: vidole vimejaa funza. Akiuona mwiba wa kuwatolea, analia mpaka kuku wanakimbia. Funza wasipotoka, nitambeba mimi. Kwa mgongo huu! Semeni, mtalaka wangu, kasema nimwachie yeye mjukuu wake. Thubutu! Mwanamke aliyedai talaka mbele ya ukoo mzima?

Jumapili, 3 Rajabu

Nimepata! Wenzetu wamerudi kutoka Ngarambe na dawa: ukinyunyiziwa, risasi inageuka maji. Basi mwiba wa mdimu ni nani mbele yake? Ngarambe mbali, nami mvivu. Nimechota maji ya mtoni, nikatia mtama kama wao. Yakafanana kabisa. Nikamnyunyizia Tatu, nikamwapia kuwa mwiba utayeyuka. Akatulia! Akauliza kama nami nimejinyunyizia. Nikajibu ndiyo, tena sana. Haya babu, akasema, lete mguu wako kwanza.

Mwiba haukuyeyuka. Umekatikia kisiginoni. Kwa yowe nililopiga, jirani yangu Mtoro alitoka na mkuki akidhani askari wamefika. Akaniuliza kama nina wazimu, kuchezea dawa ya vita. Halafu, kwa huruma, akasema labda nimevunja masharti.

Kumbe kuna masharti!

Jumatatu, 4 Rajabu

Semeni kaja bila kualikwa. Hana dawa, ana sufi na mwiba tu! Karusha kipande cha sufi hewani, kamwambia Tatu akipulize kisianguke. Tatu anapuliza, mashavu kama chura; Semeni huku chini anachokonoa. Funza wote nje! Tatu akauliza, bibi, tunaanza lini?

Semeni akanigeukia na sufi yake. Puliza, mzee, nikutoe huo mwiba. Nikakataa. Mimi, mtu mzima!

Isitoshe, siri naijua. Maji yangu yalifanya kazi. Yalichelewa tu.

Jumanne, 5 Rajabu, mikokoni

Tumefika. Tatu katembea mwenyewe, mbele ya watu wote. Mimi nimekuja kwa machela kama bwana Mdachi, Mtoro mbele, Semeni nyuma, wote wawili wakinitukana njia nzima. Kisigino kama papai.

Semeni bado ananing'ang'aniza na sufi. Nimemwambia atulie: nimekunywa kibuyu kizima cha maji yangu, na masharti nimeyashika yote, ingawa siyajui.

Hivi ninavyoandika, kisigino kinatoa majimaji. Alhamdulillahi! Mwiba unageuka!